Hana Neno

Mkunazini, Mji Mkongwe
Jumatano, masika yamepamba moto

Kwako mdogo wangu Riyama,

Assalaam alaykum. Naanza na mgongo wako, maana najua nikikuuliza hali utasema nzuri tu, na mgongo utaufunika kanga. Unaendaje? Ile dawa ya kuchua aliyokuletea Mwamvua unaitumia au umeshampa jirani? Bi Kidawa hajambo? Na yule mbuzi mwenye pembe moja, bado anakula nguo za watu kambani? Sisi huku wazima. Mvua inanyesha tangu alfajiri, maji yanapita uchochoroni kama yanajua yanakokwenda, na nyumba nzima inanuka chokaa mbichi. Mwamvua anakula, analala, amenenepa kidogo. Mimi sijambo, ila siku hizi usingizi wa mchana umenizoea, na humo ndani naota ndoto ambazo sikuziita. Nitakueleza.

Jumapili ulinipigia simu kuhusu safari ya mwanao Mwamvua. Ulisema hujui Amerika iko upande gani, kwamba mimi ndiye niliyesoma, nikisema aende ataenda, nikisema abaki atabaki. Kisha simu ikakatika, sijui ni salio au ni kilio. Chuo kinataka jibu kabla mwezi huu haujamalizika. Ningeweza kukujibu siku ile ile, lakini jibu langu lina mkia mrefu, na kwenye simu ungenikatiza, au ningejikatiza mwenyewe. Soma mpaka mwisho, ndio umwite mtu.

Unakumbuka mwaka jana, matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, sote tulidhani ataingia chuo cha hapa hapa. Siku moja akapanda juu, nimekaa dirishani natoa mawe kwenye mchele, akaniambia anaomba nafasi Amerika, kwenye chuo kilicho kando ya ziwa linaloganda wakati wa baridi, ambako wanasomesha mambo ya bahari. Nikamwambia Amerika si Darajani, huendi ukarudi na mboga. Akanijibu, na wewe unaijua sauti yake ile ya chini, kwamba anajua, maana Darajani hawamwambii mtu aandike insha kwanza.

Fomu zenyewe, Riyama, zilikuwa haziishi. Walitaka jina la ukoo. Akaandika la babu yake mzaa baba, na tangu siku hiyo barua zao zote zinamwita Bi Ubwa, kana kwamba marehemu mzee Ubwa, ambaye hata Dar es Salaam alikataa kwenda, ndiye anayeomba kusoma Amerika. Tulicheka mpaka majirani wakagonga ukuta.

Kwenye insha sikucheka. Kuna kijana anaitwa Mansour, amesoma huko, sasa anawasaidia watoto kujaza fomu. Mwamvua alikuwa ameandika kuhusu kipimajoto chake: miaka mitatu, kila likizo ya skuli, maji yakitoka anaingia baharini na nyinyi wanawake wa mwani, anaandika joto la maji na kamba ipi mwani wake umepauka na ipi umeoza. Aliandika kwamba nyinyi mlijua maji yamebadilika kabla ya kipimajoto, na kwamba yeye kazi yake ilikuwa kuwasikiliza na kuweka nambari. Mansour akamwambia insha hiyo ni kavu. Aandike vipi baba yake aliondoka, vipi mama yake anabeba magunia ya mwani kichwani na mgongo mbovu. Hayo ndiyo wanayoyapenda, akasema.

Nilimfuata kesho yake. Nilimwambia mbele ya watu kwamba mgongo wa mdogo wangu hauendi Amerika bila ya ruhusa ya mwenyewe. Akasema, "Bi Bashira, mimi nafundisha kinachokubaliwa tu." Nikamwambia hapa Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa, watu walishawahi kusimamishwa wakatazamwa meno, na waliokuwa wakiwafundisha namna ya kusimama vizuri nao walisema hivyo hivyo. Mwamvua akanivuta buibui, akaninong'oneza, "Mama Mkubwa, twende. Mimi nshaamua." Na kweli alikuwa ameshaamua. Insha haikubadilika hata herufi.

Ikabaki barua za watu wanaomjua. Mbili waliandika walimu wake, kwa Kiingereza. Ya tatu walitaka ya mtu wa nje ya skuli, kwa lugha yoyote, mradi iwe na tafsiri yenye muhuri. Mansour alimshauri atafute mkurugenzi. Mwamvua akasema mkurugenzi hamjui. Akampigia Bi Kidawa, akamsomea maswali ya fomu: huyu mtoto, kati ya watoto mia, ni wa ngapi? Bi Kidawa akajibu kwamba hao tisini na tisa wengine hajawaona, atajuaje? Simu ilikuwa kwenye spika, nilimsikia kwa masikio yangu. Wiki moja baadaye ikaja karatasi ya daftari la hesabu. Naijua kwa moyo:

"Mimi Kidawa Mcha, kiongozi wa kikundi cha wanawake wa mwani. Mwamvua namjua tangu anatambaa. Akisema atakuja, huja. Kipimajoto chake kilipoharibika alituambia siku ile ile kuwa hesabu za wiki nzima si za kutegemewa, tukazifuta. Hana neno."

Basi. Ndiyo barua yote. Wewe unajua Bi Kidawa hamsifu mtoto wa mtu, anaogopa kumtia kijicho. Unajua pia kwamba katika umri wake wote "hana neno" hajalisema kwa watu zaidi ya wawili, na mmoja wao ni marehemu.

Tafsiri nilipewa mimi. Angepewa nani tena? Kibao cha mfasiri kiko mlangoni, muhuri uko mezani, na mji mzima unajua kwamba niligombana magazetini miezi mitatu kwa ajili ya koma moja kwenye hati ya shamba. Nikakaa chumba cha chini, nikatafsiri, nikagonga muhuri, ikaenda.

Ndoto zilianza hapo. Ilikuwa Disemba, joto la kuyeyusha nta, nikisali adhuhuri tu macho yanafumba. Naota ngazi za nyumba hii zinashuka mpaka baharini. Maji yamefika ngazi ya tatu, ya vuguvugu, yametulia, na juu yake theluji inaanguka bila ya kuyeyuka, kama pamba ya msufi. Mwamvua amesimama humo, maji magotini, ameshika kipimajoto, ananisomea nambari. Pembeni kuna watu wengi wameketi kwenye viti, wananitazama mimi, wanangoja niwatafsirie. Nafungua mdomo. Hakuna kinachotoka. Nafungua tena. Yeye anaendelea kusoma, taratibu, na maji yanapanda ngazi moja. Nikiamka nakuta mkeka umelowa jasho, na harufu ya karafuu inatoka sijui nyumba ya nani. Nimeiota hivyo, na kwa namna nyengine nyengine, mpaka sikujua tena kama adhuhuri nalala au naenda mahali.

Januari wakamwita kwa mahojiano, kwa kompyuta. Kwao asubuhi, kwetu alasiri. Alitumia chumba changu cha chini kwa sababu ndiko mtandao unakoshika. Mimi nilikaa nyuma ya kabati la vitabu, nikijifanya nashona majalada. Mama aliyekuwa akimhoji alikuwa na sauti nzuri, ya mtu anayeuliza kwa sababu hajui. Walizungumza bahari. Walizungumza mwani. Mwanao anakizungumza Kiingereza kama anavyotembea, haharakishi na hasimami. Nilikuwa kama nimelala macho wazi, jua linaingia kupitia kwenye matundu ya dirisha, vumbi la vitabu linaelea, nikajiona niko ndani ya ile ndoto na maji yamefika kifuani.

Kisha yule mama akasema kuna jambo limewatatiza. Barua ya yule kiongozi wa kikundi inamsifu kwa ukweli wake, lakini inamalizia kwa kusema kwamba hana maneno, hana la kusema. Yeye mwenyewe anasemaje kuhusu hilo?

Sindano ilinichoma kidoleni na sikuisikia.

Mwamvua akacheka, kile kicheko chake kifupi. Akamwambia kwamba kwetu neno si lile la mdomoni tu. Neno ni kinyongo, ni dosari, ni ile habari unayoifungia mlango kabla ya kuisimulia. Mtu akiwa na neno, watu humtazama akipita. Ukisema fulani hana neno, umesema unaweza kumwachia ufunguo wa nyumba ukasafiri. Bi Kidawa hakusema kwamba hana la kusema, akamwambia. Amesema kwamba hakuna la kumsema. Yule mama akaomba amwandikie namna linavyoandikwa kwa Kiswahili. Nikasikia vidole vya mwanao kwenye kompyuta: herufi nne, nafasi, herufi nne.

Riyama, sasa naingia pale nilipokuwa napazunguka.

Lile halikuwa kosa. Nilifanya kusudi.

Nilikijua alichokisema Bi Kidawa kama ninavyolijua jina langu. Na ukurasa wa kwanza wa chuo nilikuwa nimeusoma, unaosema wanatafuta vijana wenye lao la kusema. Nikakaa na kalamu, nikaandika kwamba hana la kusema. Chini ya muhuri wangu kuna maandishi niliyoyatunga mwenyewe miaka ishirini na mbili iliyopita: tafsiri hii ni ya kweli na ya uaminifu. Nikaugonga juu yake. Angeniuliza mtu, utetezi nilikuwa nao tayari: hana ni hana, neno ni neno, nendeni kwenye kamusi. Hakuna hakimu angenitia hatiani.

Umenisikia redioni nikisema kwamba watoto wetu tunawalea, tunawasomesha, na wakishaiva wanachumwa na wengine. Nayaamini hayo hata leo, na atakayebishana nami aje na hoja, asije na picha za theluji. Nilijidanganya kwamba ndiyo niliyoyatetea siku ile. Uwongo. Siku ile nilikuwa nafikiria ngazi. Miaka tisa, tangu uliponiletea ana mkoba wa ukindu na jino moja halijaota, nasikia miguu yake inavyopanda, ngazi mbili mbili, na pale karibu na juu anasimama kidogo kuvua viatu. Nilifikiria nyumba hii yenye vyumba saba na mtu mmoja anayebishana na redio. Wewe ulimtoa mwanao mikononi mwako ili asome, hukulia mbele yake. Mimi nilipotakiwa kufanya mara moja ulichofanya wewe kila likizo ikimalizika, niliiba.

Siku ya pili baada ya mahojiano niliwaandikia chuo tafsiri mpya, nikasema ya kwanza ina kosa na kosa ni langu. Kosa la aina gani sikuwaambia. Maneno mawili ya Bi Kidawa yalinichukua ukurasa mzima wa Kiingereza, na bado nilihisi nimebakisha. Mwisho wa Machi wakajibu kwamba wamempokea, na watamlipia kila kitu. Katika barua yao wamemwita Bi Ubwa, lakini chini, kwa mkono, mtu ameandika yale maneno mawili kwa Kiswahili. Hakukosea hata herufi moja.

Basi jibu langu ni hili: aende. Lakini usimruhusu kwa sababu mimi nimesema, maana umeshaona ninavyoweza kulipotosha neno. Mkalishe umuulize mwenyewe, umuulize atarudi lini na kwa kazi gani, na uamini utakachosikia, kwa sababu akisema atakuja, huja. Ukinikasirikia, una haki. Ukitaka siku zake zilizobaki akae kwako Jambiani, sitasema kitu.

Kuna jambo nililiruka kwenye mahojiano. Yule mama, kabla ya kuaga, alimuuliza aliyetafsiri ile barua ni nani. Mwamvua akasema ni mama yake mkubwa, siku ile alipitiwa tu. Mimi, Riyama! Wewe unajua mimi sipitiwi, na yeye amekaa nami miaka tisa anajua zaidi yako. Kisha akaongeza kitu kwa Kiswahili, kwa sauti iliyopanda kidogo, ya kufika nyuma ya kabati. Yule mama hakuelewa, alidhani anaagwa. Alisema, "Naye hana neno."

Mjini hapa wananiita Bashira Maneno, na sijawahi kuwakatalia. Tangu Januari nalibeba lile la mwanao na sijui niliweke wapi. Hatujalizungumza. Siku ile alizima kompyuta, akapika chai, akanimiminia, akaniuliza kidole kimefanya nini.

Barua hii ataileta yeye, Ijumaa asubuhi, pamoja na unga wa sembe na kanga zako mbili. Bahasha sijaibandika, na nimemwambia sijaibandika. Muhuri pia sijaugonga. Ipokeeni hivyo hivyo.

Msalimie Bi Kidawa sana. Mwambie nitakuja kumwangukia mwenyewe, barua yake ndiyo niliyoichezea. Mgongo wako uchue kila jioni, na yule mbuzi mfungeni. Mvua imepungua sasa, jua linatoka upande wa baharini, na nasikia ngazi: moja mbili, moja mbili, kisha kimya kidogo, anavua viatu.

Nakuombea kila la kheri, na naomba radhi yako.

Dada yako,
Bashira