Umeme Unaopotelea Njiani

Adelina, pangaboi la upepo la mwanangu Edimundi limezunguka! Taa ya zahanati imewaka nyeupe, mimi mwenyewe nimesimama chini yake!

Haya, sasa nikusalimu. Hamjambo huko Kibeta? Watoto aliotuachia marehemu dada yetu, kikohozi kimewatoka? Huku kisiwani mimi mzima, dagaa wanakauka, ila usingizi sina.

Waitu mdogo wangu, ngoja nikueleze. Mwenye kambi ya samaki ana jenereta hapa ufukoni, na waya wake unapanda hadi zahanati, kwenye friji ya chanjo. Sasa anataka kuukata. Anasema mafuta anachoma yeye, umeme unapotelea njiani. Ni kweli. Edimundi alipima unaotoka chini, akapima unaofika juu, akaona pengo: mwingine unaishia kuupasha waya moto. Ndipo akachukua dainamo ya lori bovu lililoachwa na vita, akaifunga mapanga, akaisimamisha kule juu zahanati. Akasema upepo ukitoa umeme palepale, wa jenereta utakaosafiri utakuwa mchache, na unaopotea utapungua kwa nusu. Chuo kile cha ufundi hakikwenda bure!

Furaha ikanizidi. Nikawatangazia wanawake wote wa dagaa kwamba umeme hautapotea hata kidogo. Mwenye kambi akanifuata ninapoanika: "Mama Edimundi, nimekushika hapo hapo. Ukipotea kidogo tu, nakata!"

Edimundi akaja amenuna. "Mama, mimi nilisema nusu."

"Nusu ni maneno ya waoga."

"Nusu ni hesabu, mama."

Akaenda mwenyewe kwa yule bwana, wakakubaliana wapime mbele ya watu. Ikifika nusu, waya unabaki. Isipofika, watoto wa huku watarudi kuvushwa ziwa kufuata chanjo, na mawimbi haya unayajua. Tangu hapo sikai. Nageuza dagaa, natazama miti. Upepo ukitulia, napanda zahanati kutazama mapanga. Nimewazungukia wanawake wale wale, nikawaambia ni nusu, na hiyo nusu nani mwingine hapa amezaa wa kuihesabu?

Siku hiyo ya kupima, mwenye kambi ataleta watu wake wa kucheka. Nami nataka wangu. Msalimie shemeji fundi baiskeli, na shangazi mkunga wa Rubya. Waambie wasije mikono mitupu, pombe ya rubisi huku hakuna. Watoto walete wote wamwone kaka yao.

Ni mimi dada yako asiyetulia,
Mama Edimundi

Mje Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka.