Nyongeza ya Majani ya Kitunguu

Xiaobei, Guangzhou
6 Oktoba 2024

Mama yangu kipenzi,

Asalaam aleikum, na shikamoo yangu uipokee kwa mikono miwili. Vipi magoti? Vipi duka la khanga, na Bi Shifa wa mlango wa pili, bado anakuja kunywa kahawa yako huku akikufukuzia wateja kwa maneno? Mimi mzima wa afya, Alhamdulillah, ila moyo unanienda mbio tangu jana. Ulisema sauti ninazokutumia kwenye simu ni fupi kama kikohozi, basi leo nimeshika kalamu. Nitaupiga picha ukurasa nikutumie.

Mama, nitaonekana kwenye televisheni ya hapa Guangzhou. Kuna kipindi kinaitwa Bingwa wa Kuponi. Watu wanne wanashindana kununua vitu vya nyumbani kwa kuponi za punguzo, na kila wiki aliyelipa zaidi ya wenzake anatolewa. Wenzangu watatu ni Wachina. Aliyepeleka jina langu ni Henriette, jirani yangu Mkongo anayenunua vitambaa vya kupeleka Lubumbashi. Amechoka kuniona nikikata vikaratasi. "Dada, weye unapendaka ma-coupon kupita bwana," aliniambia. "Wende kwa télé, bakuone."

Huku kuponi ni elimu, mama. Kuna ya kununua vya yuan mia ukapunguziwa ishirini, kuna ya Jumatano tu, kuna inayokubali kuwekwa juu ya nyingine na isiyokubali. Mimi nazijua zote. Juzi nimetoka dukani na chupa kumi na mbili za sabuni ya maji kwa bei ya mbili, na laoban, yaani bosi wa duka, akanisindikiza kwa macho mpaka barabarani kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe. Lakini karatasi zangu zilikuwa halali.

Sasa sikiliza zawadi. Si fedha. Mshindi analetewa mzazi wake popote alipo, tiketi ya kuja na kurudi na hoteli wiki nzima. Wazazi wa wenzangu wako mikoani. Wangu yuko Mwembetanga, Unguja. Miaka sita, mama. Nataka kushinda ili nikuone. Nenda katengeneze pasipoti.

Mwanao akupendaye,
Hafidha


Mwembetanga, Unguja
9 Oktoba 2024

Mwanangu Hafidha,

Waaleikum salaam warahmatullah. Marahaba. Magoti yapo, ndiyo hayohayo yanayonifikisha dukani. Natumai hujambo na unakula, maana mtu akipenda kupunguziwa sana hujipunguzia na chakula.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya tatu niliisoma kwa sauti, Bi Shifa akasikia, kwa hiyo mtaa mzima unajua. Amesema hajapata kuona mashindano ya ubahili, na kama yangekuwepo hapa, marehemu mumewe angekuwa na vikombe kabatini. Usimjali. Tangu siku hiyo anakuja mara mbili kwa siku kuuliza habari.

Nimeuza khanga miaka thelathini na moja, nawajua wanunuzi kuliko wanavyojijua. Nisikilize. Kitu unachokitaka usikiguse kwanza, shika cha pembeni yake. Ukiambiwa bei, usijibu, tazama mlango. Na usiondoke bila nyongeza, hata ikiwa pini. Mnunuzi asiyedai nyongeza anamwambia muuzaji kwamba hana nia ya kurudi tena, na huo ni utovu wa adabu.

Picha ya pasipoti nimepiga. Mpiga picha aliniambia nisicheke, nikashindwa, tukarudia mara nne. Umri huu, mimi ndani ya ndege. Sijalala vizuri tangu Jumatatu, na si kwa sababu ya magoti.

Mamaako


Xiaobei, Guangzhou
21 Oktoba 2024

Mama yangu,

Asalaam aleikum, shikamoo. Barua yako ilifika, ijapokuwa kidole gumba chako kimeziba mistari miwili. Mimi sijambo, bali sijambo haitoshi, nina furaha ya kuwehuka.

Nimepita raundi mbili. Ya kwanza tulipewa orodha ya vitu vya usafi. Nilikuwa na kuponi saba, nikazipanga kwenye meza ya keshia kama mcheza karata, na msichana wa keshia akaita mkubwa wake, na mkubwa wake akaita wake. Mashine ilipotoa jumla, watu wa kamera wenyewe walipiga makofi. Ya pili ilikuwa mchele, mafuta na unga, nikapita kwa tofauti ya yuan tatu. Henriette alikuwa mlangoni akiimba nyimbo za kanisani.

Tumebaki wawili. Mwenzangu ni Bibi Liang, mwalimu mstaafu, ana miaka sitini na sita na miwani mbili, moja usoni moja kichwani. Kuponi zake anaziweka ndani ya kopo la biskuti, kwa tarehe. Mama yake ana miaka tisini na moja, yuko kijijini mbali kaskazini. Ni mtu mwema, na ananitisha.

Fainali ni tarehe 3 Novemba, si dukani bali soko la mboga. Tunapewa kuponi za karatasi, tununue chakula cha jioni cha watu kumi. Sharti ni moja: kila kilichomo kapuni kiwe kwenye risiti. Msichana wa kipindi anasema kwa kasi, nikamfanya arudie mara tatu, nimeelewa. Video ya raundi mbili nakutumia. Mwanzoni wanaonyesha chumba changu na vitu nilivyoweka akiba. Usishangae, mama. Vyote nimenunua kwa haki.

Shughulikia hiyo pasipoti.

Mwanao,
Hafidha


Mwembetanga
25 Oktoba 2024

Mwanangu,

Waaleikum salaam, na marahaba mara mia. Sote wazima, ila sauti imenikauka. Tumeitazama video dukani watu kumi na moja, simu nimeiegemeza kwenye mtungi. Ulipoweka ile kuponi ya saba, Bi Shifa alipiga kigelegele, wapita njia wakadhani kuna harusi, wawili wakaingia, mmoja akanunua doti mbili. Umeniuzia khanga ukiwa China.

Chumba chako nimekiona. Maboksi mpaka darini, na kitanda kimebanwa kama kimepanga humo. Sabuni hiyo utaimaliza lini, mama? Haya, tutaongea nikija.

Pasipoti imetoka. Nimeiweka chini ya mto, naigusa nikiamka. Usinicheke.

Mungu akutangulie sokoni.

Mamaako


Mwembetanga
12 Novemba 2024

Hafidha mwanangu,

Asalaam aleikum. Hujambo? Nauliza kweli, si kwa desturi ya barua. Fainali ilikuwa tarehe 3. Leo siku ya tisa, simu inaita hupokei, kisha unanitumia kipicha cha kidole gumba cha kwamba upo.

Bi Shifa anauliza kila asubuhi. Nimemwambia Wachina wanahesabu taratibu. Kama umeshindwa, niambie. Mimi si mgeni wako.

Mamaako


Xiaobei
17 Novemba 2024

Mama,

Asalaam aleikum, shikamoo. Mwili mzima. Nisamehe kimya, niliona haya.

Nilikuwa nashinda. Nataka ujue hilo kwanza. Samaki nilimpata kwa nusu bei, tofu kwa kuponi mbili zilizopandana, nikafika kwenye mboga Bibi Liang akiwa bado anachagua kuku. Muuza mboga alikuwa mama mnene mwenye aproni ya buluu. Akanipimia bamia na tangawizi, akanipa risiti. Nikageuka kuondoka, na mdomo ukafunguka wenyewe. Mama, sikufikiri hata kidogo.

"Laoban," nikamwambia, "nitilie kidogo basi, niwe mteja wako."

Akacheka, akanyakua fungu la majani ya kitunguu, akalitumbukiza kapuni. Huku ndiyo desturi ya wauza mboga, kila siku wananipa na kila siku nawaomba. Nikamshukuru, nikapita mbele ya kamera natabasamu.

Mezani mwamuzi alitoa kitu kimoja kimoja akisoma risiti. Samaki, yupo. Tofu, ipo. Akainua majani ya kitunguu. Akatafuta, akaigeuza risiti nyuma, akatafuta tena. "Meiyou," akasema. Hakuna. Nilikuwa nimelipa yuan tisa chini ya Bibi Liang, na nikatolewa kwa kitu ambacho sikukilipia kabisa. Bibi Liang naye alipewa majani, ila yeye aliurudisha mkono wa muuzaji mara mbili. Alikuja akanishika mkono, akasema, "Mwambie mama yako anisamehe." Alikuwa akilia kuliko mimi.

Umeshapata pasipoti, umeshawaambia watu. Sijui nikutazameje.

Hafidha


Mwembetanga
24 Novemba 2024

Mwanangu Hafidha,

Waaleikum salaam. Marahaba. Nimecheka mpaka nimekaa chini, na Bi Shifa amecheka akamwaga kahawa kwenye khanga ya mteja. Majani ya kitunguu. Ninayo fahari, nakwambia kweli. Nilikulea udai nyongeza na umeidai mbele ya China nzima. Kosa kama ni kosa, nigawie nusu. Na huyo Bibi Liang, mwambie sina kinyongo naye, mama wa miaka tisini na moja hakai kungoja foleni.

Sasa nina neno, na nimelikalia wiki nzima kabla sijaliandika.

Siku ile ya video, Bi Shifa alihesabu maboksi ya chumbani kwako, akiyagusa kwa ukucha kwenye kioo cha simu. Akaniuliza, "Dalila, mwenye mali hii amekosa nauli?" Nilikasirika. Nilimnyima kahawa siku mbili. Kisha hasira ikaisha na swali likabaki, na sasa ni langu.

Miaka sita unaniambia tiketi ghali. Nilidhani huna, na nilikuwa nakuombea upate. Kama huna, niambie tena, nitaamini na sitauliza mpaka nife. Lakini kama ulikuwa nayo, basi mimi nilikuwa kwenye rafu pamoja na zile sabuni, nangoja siku ya punguzo.

Sikuandikii kwa hasira. Nimeumia, na sikutaka uambiwe na mtu mwingine.

Mamaako


Xiaobei
29 Desemba 2024

Mama yangu,

Asalaam aleikum. Shikamoo, na leo naiandika nimepiga magoti. Umengoja wiki tano jibu la swali la mstari mmoja. Nimeandika karatasi nne nikazichana.

Nilikuwa nayo. Mwaka huu, mwaka jana na mwaka juzi.

Sikukudanganya kwamba ghali. Januari Wachina wanakwenda makwao kwa mwaka wao mpya, viwanda vya nguo vya Kangle vinafungwa, maduka ya Guangyuan Xilu yanashusha mapazia, nami sina la kufanya mwezi mzima. Ndipo tiketi inapopanda maradufu. Kila mwaka najiambia ningoje ishuke. Ikishuka, viwanda vinafunguliwa, wateja wangu wa Kariakoo wanataka niwanunulie mzigo, naingia kazini, na mwaka umekwisha. Nilijiona hodari. Kila tiketi ambayo sikuinunua niliihesabu kuwa nimeokoa. Barua yako niliisoma nikiwa nimeketi juu ya boksi la sabuni, mama, nikalia hapohapo, kwa aibu.

Jana nimekwenda jengo la Tianxiu Dasha kwa Nassor, wakala wa tiketi, kijana wa Malindi yetu ya Unguja. Nikamwambia nataka tarehe 24 Januari. Akaniambia, "Dada, hiyo ndiyo bei ya juu kuliko zote za mwaka. Ngoja Februari katikati, nina kuponi ya theluthi hapa." Akaiweka mezani mbele yangu. Nilikuwa sijapata kuona kuponi ya theluthi ya ndege. Niliisoma pande zote mbili, nisikufiche.

Nikamwambia, "Nassor, bei zote nazijua. Nikatie ya tarehe ishirini na nne."

Nimelipa kamili. Nassor alishika kalamu yake, akingoja nianze kuomba apunguze. Sikuomba. Kuponi yake nimemwachia.

Nafika Unguja Jumamosi tarehe 25, saa nane mchana, na nakaa mwezi mzima. Kama bado umeumia, umia nikiwepo.

Mwanao,
Hafidha


Mwembetanga
1 Januari 2025

Mwanangu,

Waaleikum salaam. Marahaba, marahaba. Niko salama, magoti yako salama, Bi Shifa analia na anasema ni moshi wa jiko.

Nimeumia, ndiyo. Tena nimefurahi mpaka nimefunga duka saa tano asubuhi, jambo ambalo sijalifanya tangu msiba wa baba yako. Yote mawili nitayaweka mpaka Jumamosi hiyo.

Barua hii usiijibu. Karatasi zako ninazo za kutosha.

Mamaako