Kassim Ana Mafigo Matatu

Tottenham, London
Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua umeninunia, basi marahaba yako iweke tu, nitaipokea siku utakayokuwa tayari. Goti linaendeleaje? Na kikohozi cha Baba Mdogo kimepoa? Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimeshika kalamu, na barua hii anakuja nayo jirani yetu anayerudi Tanga wiki hii.

Mama, Kassim amekojoa!

Cheka ukitaka. Mwanao wa kwanza, dereva wa basi mzima, huu mwaka wa pili alikuwa hajapata choo kidogo cha maana. Unajua maisha yake yalivyokuwa: mara tatu kwa wiki anaunganishwa na mashine masaa manne mazima, damu inatoka, inasafishwa, inarudi. Maji ya kunywa anapimiwa kwa kikombe. Ndizi, marufuku. Akirudi nyumbani hata kuvua viatu hawezi. Ndipo nikaamua kumpa figo langu moja, nawe ukanikatia simu.

Maneno yako bado ninayasikia: "Mafiga mawili hayainjiki chungu, sembuse wewe utakayebaki na figo moja!"

Sasa nisikilize nami, maana hapa nimesomeshwa hadi nimekuwa nusu daktari. Mafigo yapo nyuma, chini ya mbavu, kila moja kiasi cha ngumi yako, umbo la haragwe. Kazi yake ni kama ya kifumbu chako cha kuchujia tui, ila huku kizuri ndicho kinachobaki: damu inapita humo usiku na mchana, ikiwa safi inarudi mwilini, na takataka, chumvi na maji ya ziada vinateremka kwenye kibofu. Tena ndiyo yanayosaidia presha isipande. Moja zima linatosha. Likibaki peke yake linanenepa kidogo, linabeba na kazi ya mwenzake. Langu wamelipima juzi, liko imara.

Wala usimlaumu Kassim. Kabla ya kupasuliwa, mama mmoja wa hospitali aliniita chumbani peke yangu akanihoji kama kaka amenilazimisha. Nikamwambia, huyu? Hata kuosha vyombo hajawahi kunilazimisha akafaulu. Ukweli ni kwamba alikataa miezi mitatu. Alisema utatulaani sote wawili.

Siku yenyewe niliogopa, sikufichi. Nilitamani mkono wako kichwani. Nilipozinduka, neno langu la kwanza lilikuwa, "Kaka?" Nesi wetu, Mkenya mmoja mwenye kicheko kikubwa, akaniinamia.

"Sista, hiyo kidney yako haikungoja hata wodi! Ilianza kazi palepale theatre. Mkojo ni mwingi mpaka tunabadilisha mfuko!"

Nikalia kwa furaha. Na kulia ukiwa na mshono tumboni ni adhabu, Mama.

Kesho yake nikasukumwa kwa kiti cha magurudumu hadi kitandani kwake. Raya alikuwepo. Huyo mjukuu wako umwambie nini, atakujibu kwa Kiingereza. Alikuwa ameukodolea macho ule mfuko, kisha akanigeukia na kusema kwa Kiswahili safi, "Shangazi, mkojo wako huu." Kassim akacheka huku ameshika tumbo kwa mikono miwili. Uso wake umerudi kuwa uso wake, ile rangi ya majivu imekwisha.

Na hili ndilo ninalotaka ulisikie vizuri. Kumbe yale mabovu hawayatoi! Wameyaacha mahali pake, na langu wameliweka mbele, chini ya kitovu, upande wa kulia. Kwa hiyo Kassim ana mafigo matatu, Mama. Matatu! Chungu kimekaa.

Nisalimie Baba Mdogo. Bibi mwambie sikukatwa vipande kama alivyosikia. Shangazi wa Pongwe mpe pole ya kukubembeleza kwa niaba yangu, najua haikuwa kazi ndogo.

Ijumaa, baada ya swala, simu yako italia. Jina utakaloliona ni langu, lakini atakayeongea ni Kassim. Anataka akwambie mwenyewe kwa kinywa chake, hataki nimsemee. Pokea, Mama. Na ukimaliza naye, usikate. Nitakuwa nimekaa hapo kando, nangoja marahaba yangu.

Wako wa tumbo moja na Kassim,
Mwanaidi