Mwendo Uliokwama

Machimbo ya Kokoto, Uvinza
9 Machi 2025

Mwanangu Naisula,

Leo ni miezi saba tangu niondoke nyumbani Olasiti. Salamu nyingi. Naweka mkono kichwani mwako kutoka huku mbali, kama unavyoniinamishia kichwa tukisalimiana nyumbani. Mimi mzima, ila mgongo na mikono inauma. Nakuandikia kwa sababu shuleni kwenu simu hazitakiwi.

Kuna jambo linanisumbua. Natoboa mwamba kutwa. Chuma kinagonga, kinasimama. Ule mwendo wake umekwenda wapi? Nikigusa jiwe lina joto, basi nasema umeingia mle. Sasa nadhani kila kitu duniani ni mwendo uliokwama. Hata Mlima Meru ulikuwa moto unaokimbia, ukakwama. Na kama ni hivyo, kitu cha moto, kwa kuwa kimeingiwa na mwendo zaidi, lazima kizidi uzito, kama ng'ombe aliyetoka kunywa maji.

Mimi niliishia darasa la saba, nyie mna maabara. Sifaeli, mwenzangu wa machimboni, anakuja likizo Arusha, nimempa kipande cha ncha ya mashine yangu iliyovunjika. Kipashe moto, ukipime. Huku wameshaanza kuniita Profesa, na Joel, ninayetoboa naye mwamba, kila asubuhi ananiuliza, "Baba Naisula, jiwe lako limelala au linatembea?" Nimemwambia asubiri jibu la binti yangu.

Baba yako

*

Arusha
6 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo. Nakuinamishia kichwa. Mimi mzima, Mama naye mzima, alikuja kunitembelea Jumapili baada ya ibada.

Chuma nimekipata. Baba, wazo lako nimelisoma mbele ya darasa! Mwalimu Elihuruma akasema, "Hili linapimika." Septemba tuna maonyesho ya sayansi na wazazi wanaalikwa. Nimeshaandika bango: WAZO LA BABA YANGU. Baba mdogo Solomoni amesema atakuja kuona kama kaka yake ana akili au ana maneno tu. Ataona!

Mwanao,
Naisula

*

Uvinza
22 Juni 2025

Mwanangu,

Hujambo? Mimi mzima. Aprili ilipita, Mei ikapita, sasa Juni inaisha na sina barua yako nyingine. Mama yako anasema huumwi. Joel ameacha hata kunitania, naona ananionea huruma, na hilo silipendi. Kama nimekosea mahali pa kuchimba, niambie. Usininyamazie.

Baba yako

*

Arusha
13 Julai 2025

Baba,

Shikamoo. Nakuinamishia kichwa, na leo nakiinamisha zaidi. Natumaini mgongo umepoa.

Nilinyamaza kwa sababu sijui mtoto anamwambiaje baba yake neno hili. Nilipima chuma chako kikiwa cha moto. Hakikuzidi, kilipungua! Hanna, ninayekaa naye dawati moja, alicheka mpaka akakaa chini. Mwalimu akasema hewa ya moto inapanda na kukiinua kidogo. Nikawaza wiki nzima. Nikaazima chupa ya chai ya matroni, ile ya chuma, nikakitia chuma humo kikiwa cha moto, nikafunga. Nje chupa ilikuwa baridi, kwa hiyo hakuna hewa ya kuinua kitu. Nikapima. Kikapoa, nikapima tena bila kufungua. Uzito ni uleule. Nikarudia mpaka matroni akadai chupa yake.

Mwendo unaingia kweli, Baba, ndio joto lenyewe. Ila mizani haiuoni. Mwalimu anasema wapo wataalamu waliowaza karibu na wewe, lakini uzito huo, kama upo, ni mdogo mno, hakuna mizani ya shule itakayouona. Kwa hiyo siwezi kusema umeshinda. Ng'ombe wako hakunywa maji.

Sasa bango lina jina lako, na Baba mdogo atakuwepo. Nilifute? Naweza kuonyesha kitu kingine, hata betri ya limau. Mama anasema nikuulize wewe.

Mwanao,
Naisula

*

Uvinza
27 Julai 2025

Mwanangu Naisula,

Nimepokea barua yako. Mimi mzima kuliko nilivyokuwa mwezi uliopita.

Niliisoma kwanza peke yangu, na sikudanganyi, iliniuma. Nikaisoma tena. Nilipofika kwenye chupa ya matroni nikacheka kwa sauti, wenzangu wakaniuliza kuna nini. Nikawasomea wote wakati wa uji. Joel akapiga makofi: "Profesa, umeangushwa na mwanao!" Nikamwambia, "Ndiyo, na mwanangu. Wewe wako amekuangusha lini?" Akaniongezea uji.

Usifute kitu. Jina langu liache palepale, chini yake andika kwamba mizani ilikataa, kisha andika jina la aliyeipima kwa herufi kubwa kuliko zangu. Betri ya limau waachie wengine. Mimi nilirusha wazo tu, kama mtu anavyorusha jiwe gizani. Wewe ndiye uliyekwenda kutazama lilipoangukia. Kazi yako imezidi yangu, na mimi najua kazi.

Na Solomoni akisema nina maneno tu, mwambie ni kweli, ila maneno yenyewe yalipata mtu wa kuyapima.

Nimeomba ruhusa, msimamizi amekubali. Nategemea kushuka Arusha Ijumaa tarehe 12 Septemba, na Jumamosi, siku ya maonyesho, nitakaa mstari wa mbele pembeni ya Solomoni. Ukimaliza kuongea nitakuja pale mezani kwako. Siku hiyo usiniinamishie kichwa. Nipe mkono.

Baba yako