Hekalu Ambalo Upande Mmoja Haukuisha

Bruxelles, Saint-Josse

Mudogo wangu Bahati,

Mugongo yako inaendelea aje? Usiniambie "bien" tu, sema kweli. Na muke wako, kikohozi kimemuacha? Miye niko, magoti yanalia na baridi, lakini nakula. Ni binti yangu Furaha anaandika; nimemukataza kurembesha maneno.

Nilisikia swali lako: tuuze parcelle yangu, kile kiwanja cha Kadutu, kwa sababu nyumba ilibaki nusu, ile siku tulikimbia vita. Nilitaka kukujibu ndiyo. Kisha nikapanda kunywa chai kwa Maman Lakshmi, Muhindi anayekaa juu yetu. Kifaransa yake mbovu, yangu inazidi, tunasikilizana muzuri.

Juu ya frigo yake kuna picha ya hekalu la kwao, la zamani za wafalme. Bahati, weye fundi, ungelia. Mawe matupu, hakuna simenti: jiwe moja wamelichonga ulimi, lingine shimo, yanaumana. Linapanda kama mulima. Nikauliza, Mungu wenu anakaa wapi mu ile yote? Akasema ni kachumba kadogo katikati, giza, hakuna dirisha. Wanakaita tumbo, kama tumbo la mama.

Chini, kuzunguka ukuta, tembo wa kuchongwa wanafuatana, kila mumoja na sura yake. Halafu ku upande mumoja wanaisha. Jiwe limebaki vile, alama za patasi tu.

"Mafundi walichoka?"

"Hapana, Maman. Vita ilikuja, wakakimbia."

"Donc, basi mulifunga hekalu?"

Akanicheka. "Tufunge juu ya nini? Watu wanaomba mule mpaka leo. Unafikiri Mungu anahesabu tembo?"

Bon. Siuzi. Unasema muntu hawezi kuhamia mu nyumba isiyoisha, majirani watacheka. Wacheke. Vyumba viwili viko na mabati, na weye unapanga kwa muntu anayekutukana mbele ya watoto. Mwite padri abariki hivyo viwili, muingie. Ukuta wa nyuma, ule haukuisha, usiuguse. Nataka kuona na macho yangu pale tuliachia.

Salimia shangazi yetu anayeuza sambaza. Mwambie samaki ya huku haina ladha. Salimia mukwe wangu anayeimba kwaya, na mama mukwe wako, hata kama hanipendi.

Mukisha kuhamia, nitumie picha. Si ya nyumba. Ya watoto wamelala.

Miye Yaya yako, dada yako mukubwa anayekupenda hata ukinuna,
Maman Furaha