Mume Anayerudi kutoka Vitani

Jumatatu, 4 Agosti

Naapa kuandika kila kitu, bila kupamba. Madam Shirima, mwalimu wetu wa Historia, anasema wakati wa Vita Kuu ya Pili wanawake wa kawaida kabisa wa Uingereza waliandika shajara: walikula nini, walipanga foleni wapi, nani alinuna. Ndiyo maana leo tunajua walivyoishi. Basi na mimi.

Upepo mkali tangu alfajiri. Vumbi la hapa Mkonze limeingia hadi kwenye uji. Nimefagia, nimechota maji, nikamkuta Mama jikoni. Ajabu. Kwa miaka miwili, saa hizo huwa kwenye mashine yetu ya kusaga, nywele nyeupe kwa unga wa watu. Baba alipokwenda kufanya kazi kwenye kambi ya barabara huko Chemba, Mama ndiye aliyeishika mashine. Juzi Baba amerudi, mkataba umekwisha. Leo asubuhi amevaa viatu vyake vya kazi, aende mashineni.

"Mama Tabita, umechoka. Sasa nimerudi, pumzika."

Alisema kwa upendo. Mama akajibu, "Haya."

Nimefurahi Baba yupo nyumbani. Nimefurahi mno. Ila ile "haya" sikuipenda.

Jumatano, 6 Agosti

Siku ya Wazazi inakuja. Kidato cha tatu tumepewa mchezo wa kuigiza: Uingereza wakati wa vita na baada yake. Kwa Kiswahili, ili wazazi wote wafuate. Mimi ni msimulizi!

Sehemu ya kwanza: wanaume wako vitani. Wanawake wanaingia viwandani, wanaendesha matrekta, wanakata tiketi kwenye mabasi. Serikali inafungua vituo vya kulelea watoto wao. Sehemu ya pili: vita vimekwisha. Nchi inabadilika, matibabu yanakuwa bure kwa kila mtu, tajiri na maskini. Lakini waume wamerudi. Vituo vingi vya watoto vinafungwa, na wanawake wengi wanaambiwa warudi jikoni.

Nilinyoosha mkono. Nikamwomba Madam tumalizie wakiwa bado kiwandani.

"Tabita, unataka historia au unataka hadithi inayoishia kwa harusi?"

Darasa zima likacheka. Aibu. Ila amesema kweli. Yaliyotokea ndiyo yaliyotokea.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, sikukuu ya wakulima. Tumekwenda viwanjani sote watatu. Ng'ombe wakubwa kama magari. Baba alitununulia miwa, akacheka na kila mtu, hata na polisi. Siku nzuri.

Kwenye banda la mashine za kusaga Mama alisimama. Baba akamwita. Hakusikia. Akamwita tena, mwishowe akaja kumvuta mkono. Mimi niliuona uso wa Mama kabla hajageuka. Anaitamani kazi yake. Sasa nina uhakika.

Jumanne, 12 Agosti

Shule yetu ni ya wasichana, kwa hiyo waume hatuna. Rafiki yangu Zuhura ndiye mke wa kiwandani, na anaweza. Mume alikuwa Rehema. Kila akisema, "Mke wangu, vita vimekwisha," kwa sauti yake nyembamba, tunaanguka chini kwa kicheko. Madam akasema tutafute mzazi mwenye sauti ya kiume. Mlinzi wa getini alikataa, eti mkewe ni mkali.

Nikasema Baba yangu. Miaka mingi ya kupiga kelele juu ya mashine imempa sauti ya kusikika hadi Kibaigwa. Madam akakubali. Nimefika nyumbani mbio. Baba akakubali kabla sijamaliza sentensi.

Halafu nikaanza kuogopa. Maneno yake kwenye mchezo ni haya: "Mke wangu, vita vimekwisha. Vua ovaroli, rudi jikoni."

Alhamisi, 14 Agosti

Sauti ya kiwanda imetushinda. Tulipiga madawati, mwalimu wa Hesabu akatoka darasani kwake kutufokea. Nikapendekeza muheme, ngoma za akina mama wa Kigogo. Ukizipiga nyingi kwa pamoja, ni mitambo kabisa. Madam Shirima akasema wazo zuri, leteni.

Madam ni mtu wa Moshi. Hakujua ameruhusu nini.

Jumamosi, 16 Agosti

Baba amefanya mazoezi uani. Mama alikuwa anamenya karanga.

"Mke wangu, vita vimekwisha. Vua ovaroli, rudi jikoni!"

"Sema kwa nguvu," Mama akamwambia. "Huyo mwanamke yuko kiwandani, hasikii."

Akarudia. Majirani wakachungulia juu ya ukuta.

"Na umwambie amechoka," Mama akasema, macho kwenye karanga. "Waume wakirudi husema, umechoka."

Baba akacheka. Kisha akaacha kucheka.

Jumanne, 19 Agosti

Wanawake watatu, wateja wa mashine, wamekuja nyumbani wakimuuliza Mama kama anaumwa. Akawaambia ni mzima, mwenye mashine amerudi. Mmoja akasema, "Mwenye mashine si wewe?" Mama akawakaribisha chai, wakazungumza habari za mvua.

Baadaye nilimuuliza waziwazi: anataka kurudi kazini? Akasema sisi tunakula, mimi nasoma, Baba yupo, atake nini tena.

Hilo si jibu. Nimekasirika. Ninampenda na nimekasirika.

Na Jumamosi, Siku ya Wazazi, atakaa mbele ya watu wote, amsikilize Baba akiyasema maneno yale. Mimi ndiye niliyeleta jambo hili. Nimewaza kumwomba Baba ajitoe. Sijathubutu.

Jumamosi, 23 Agosti

Niandike haraka kabla sijasahau hata kidogo.

Uwanja ulijaa. Wazazi kutoka maofisini na mashambani, turubai zikipigwa na upepo. Sehemu ya kwanza ikaanza vizuri. Wasichana kumi wamefunga vitambaa kichwani kama zile picha za kwenye kitabu, muheme katikati ya magoti. Nikasoma, "Mitambo ikanguruma." Ikanguruma kweli.

Mwanamke mmoja wa Mkonze akainuka kwenye kiti chake. Akaanza kucheza. Wa pili. Wa tano. Mmoja akapanda jukwaani, akamwambia mpigaji wetu, "Lete hapa, mwanangu, hivyo sivyo." Akachukua ngoma, akakaa. Wakaja wengine. Vigelegele. Baba yake Zuhura, ofisa wa serikali, mtu wa Tanga, alikuwa anapiga picha kwa simu huku akicheza nje kabisa ya mdundo. Mkuu wa shule anapiga makofi. Ukurasa wangu wa pili ukapeperuka, nikaukimbilia.

Madam akanijia na karatasi za mchezo mkononi.

"Tabita, kiwanda hiki kinafungwa saa ngapi?"

Sikujua. Kwa sababu wakati huo Mama alikuwa amepanda jukwaani. Mama yangu. Alikaa, akabana ngoma kwa mapaja, akaanza kupiga. Meno yote nje. Sijamwona hivyo tangu mwezi uanze.

Baba akatokea pembeni, koti refu la baridi, sanduku mkononi. Mume anayerudi kutoka vitani. Akapaza ile sauti yake. "Mke wangu! Vita vimekwisha!" Hakuna aliyesikia. Akarudia. Wapi. Akaliweka sanduku chini, akalikalia, akasubiri. Alikuwa anamtazama Mama.

Ngoma zikaisha zenyewe, kwa kuchoka kwa mikono. Wanawake hawakushuka. Zuhura akasimama mbele na ovaroli yake, na nyuma yake, karibu kabisa, Mama anajifuta jasho.

Baba akainuka. "Mke wangu, vita vimekwisha." Akanyamaza. Madam akamnong'oneza maneno yaliyobaki, uwanja mzima ukasikia. Baba alikuwa anayajua. Alikuwa hamwangalii Zuhura.

Akayasema. Polepole, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. "Vua ovaroli. Rudi jikoni."

Bibi mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Anza wewe! Tukuone unavyosonga ugali!"

Uwanja ukaangua kicheko. Baba akavua kofia. "Nitasonga, bibi! Kazi itakuwa kwenu kuula!"

Mimi nilibakiwa na sehemu yangu ya mwisho. Niliisoma kama Madam alivyonifundisha, bila kuongeza harusi. Wengi walirudi majumbani. Si wote. Miaka iliyofuata wakaanza kutoka tena, mmoja mmoja, na mabinti zao wakatoka kwa wingi.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Mama alikuwa anaimba. Baba alitufuata nyuma, sanduku mkononi.

Jumapili, 24 Agosti

Baada ya ibada tumekula ugali wa uwele na mlenda. Baba akanawa mikono, akakaa tu.

"Mama Tabita. Sikukuuliza. Wewe unataka nini?"

Nikaogopa Mama atajibu kama alivyonijibu mimi. Akasema, "Asubuhi niwe mimi. Mchana uwe wewe."

"Asubuhi ndiyo wateja wengi."

"Najua."

Baba akamtazama. Akaanza kucheka, mabega yakimtikisika, mpaka Mama naye akacheka, na mimi nikatoka nje ili wasinione nalia.

Jumatatu, 25 Agosti

Upepo umetulia. Kutoka hapa ninaisikia mashine. Baba yuko uani anafua, ametia sabuni nyingi mno. Hajui kwamba namwona.

Nimeazima simu yake, nimemtumia Madam Shirima ujumbe kabla ya kwenda shule. Naunakili hapa.

Shikamoo Madam. Katika wale waume wote wa Uingereza waliorudi, alikuwepo hata mmoja aliyemuuliza mkewe anataka nini? Naomba jibu leo leo.