Kwa Dada Fuatino, Aliyeacha Vidonge

Dunedin,
Nyuzilandi.
14 Agosti, 2018.

Mpendwa dada Fuatino,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi ya kukata masikio. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo kijijini Safotu, pamoja na shemeji Peniamina na watoto. Na mama je, magoti yanamruhusu kupanda ngazi za kanisa? Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio umechafuka, na wewe ndiye uliyeuchafua.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu umeshaniharibia. Nilipokupigia Jumamosi uliniambia, "Losi, mimi nimepona, niache nipumue," ukakata. Nilipopiga tena ukampa mama, naye akanieleza habari za nguruwe wa jirani walioingia kwenye shamba lake la magimbi mpaka salio likaisha. Barua huwezi kuikata. Hata ukiichana, najua utaokota vipande usome, maana nakujua.

Shangazi Sieni ametoboa siri. Usimgombeze, nilimbana mimi. Anasema tangu sikukuu ya akina mama, mwezi wa tano, hujameza hata kidonge kimoja, na chupa umeificha nyuma ya bati la biskuti. Miezi mitatu, Fuatino! Daktari alikuambia miaka mitano, wewe ukameza miwili kasoro, ukajipa cheti cha kupona. Hivi mwenzangu ulisomea wapi?

Sasa nikueleze yaliyonipata kazini, usije ukadhani nakufokea kwa ajili ya kufoka tu.

Unajua kazi yangu ni kufuga seli za saratani ya matiti kwenye vichupa. Hizi ninazofuga ni za aina ile ile ya uvimbe waliokutoa wewe. Juu yake zina kitu kinaitwa kipokezi, ambacho kazi yake ni kuipokea homoni ya kike. Homoni ikifika inakaa pale, na habari inapelekwa hadi ndani kabisa. Seli ikishaipata habari hiyo inaanza kutoa majimaji yenye vimeng'enya, na hivyo vimeng'enya vinakula ukuta unaoizunguka. Ukuta ukitoboka, seli inapenya na kwenda kutafuta makazi kwingine, kwenye mfupa au kwenye ini. Kidonge chako kinachofanya ni kuwahi kukaa kwenye kipokezi hicho, kama mtu anayewahi kiti. Homoni ikija inakuta pamekaliwa, inarudi ilikotoka.

Basi tulitaka kuonyesha kwamba seli zikinyimwa homoni kabisa, zinatulia. Wiki tatu nilizilea bila homoni, nikihakikisha hata maji yake ni safi, kisha nikaziweka juu ya utando wa ute mzito tuone kama zitapenya. Asubuhi ya Alhamisi mwenzangu Murdo akainama kwenye darubini, akaanza kucheka.

"Losi, njoo uone! Wafungwa wako wamevunja jela!"

"Acha utani, Murdo."

"Utani gani? Wote wako ng'ambo. Nadhani na mlinzi wamemchukua."

Nikaangalia mwenyewe. Zilikuwa zimepenya utando, na majimaji niliyopima yamejaa vimeng'enya. Seli ambazo hazikupewa homoni hata chembe! Nikakaa kwenye kiti nikishika kichwa. Philippa, mkuu wetu, mwanamke asiyepandisha sauti hata siku moja, akaja akaniuliza swali moja tu.

"Chakula ulichozipa kilikuwa cha rangi gani?"

"Chekundu. Kile cheupe kiliisha, na gari la mizigo lilikwamishwa na theluji."

"Chekundu? Wewe, Losivale?"

Pangekuwa na shimo ningeingia. Chakula cha seli hutiwa rangi nyekundu ili ujue kikichacha, maana kikichacha kinageuka njano. Haina kazi nyingine. Lakini rangi hiyo inafanana kidogo na homoni ya kike, kidogo tu, na hicho kidogo kinatosha kukaa kwenye kipokezi. Kila mtu wa kazi hii anajua. Mimi mwenyewe ndiye ninayewafundisha wanafunzi kila mwaka, nikiwatolea macho: seli hizi mkizinyima homoni, msizipe chekundu. Miaka kumi na mmoja ya kazi, nimefanya kosa la mtu wa wiki ya kwanza. Murdo amebandika karatasi kwenye friji: "Losi haruhusiwi kugusa chekundu." Nitamnyonga.

Lakini nilipokuwa nikivimwaga vile vichupa, hasira yangu haikuwa kwa Murdo wala kwa theluji. Ilikuja kwako. Nilijiona nimekosea kwa sababu nilidhani kidogo si kitu. Na wewe ndivyo unavyodhani. Unasema mwili wako umeshakaribia kukoma hedhi, homoni yenyewe imebaki kiduchu, kidonge cha nini. Kiduchu ndicho nilichokiona kwa macho yangu kikitoboa ukuta.

Sikutishi. Seli za kwenye chupa si wewe, na sijui kama ndani yako imebaki hata moja. Hakuna anayejua, na ndiyo maana ya kumeza miaka mitano.

Sasa lile jingine, ambalo ni zito kuliandika. Siku ile ya sikukuu ulinipigia ukiwa bado na kofia kichwani. Ukaniambia joto la ghafla, lile linaloletwa na vidonge, lilikupanda ukiwa umesimama mbele ya kwaya, gauni jeupe likalowa mgongo mzima, mke wa mchungaji akakuletea taulo mbele ya watu. Nami nikacheka. Nikakuambia uombe feni. Wewe ukacheka pia, nikadhani yameisha. Shangazi anasema ulilia ulipokata simu, na kesho yake ndipo ukaficha chupa. Nisamehe, dada. Nilijibu kipuuzi, na kwa kicheko kile nadhani nilikusaidia kuvificha vidonge.

Kwa hiyo fanya hivi. Jumatatu nenda na shemeji hospitali, umweleze daktari jasho lile bila kupunguza hata tone. Kuna dawa za kulituliza, na kuna vidonge vya aina nyingine, ila achague yeye, si wewe na bati la biskuti. Ukiona haya kusema, mpe ukurasa huu wa barua asome. Na kwaya wakikucheka, waambie una mdogo wako anayekuja Krismasi, hana adabu.

Mimi wiki ijayo naanza upya. Kwenye friza zipo seli nyingine, nitaziamsha, wiki tatu zitapita na kosa langu litasahaulika. Nimezoea hivyo, nikiharibu naenda kwenye friza. Fuatino, wewe nitaenda kukutafuta kwenye friza gani?

Nisalimie mama, shemeji Peniamina, mwanao Taualofa na mdogo wake, na shangazi Sieni, ambaye tena nasema usimguse. Mungu akulinde kwa mkono wake, na wewe umsaidie kazi hiyo kwa glasi ya maji.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, na mwenye hasira kwa sababu ninaogopa,

Losivale